Barafu kwenye nchi ya joto

Wadau, leo tuiache saikolojia ya elimu ipumzike, nina stori ya historia. Mpira wa magongo mnaujua. Sasa kuna ule wa juu ya barafu: viatu vina vyuma chini, na badala ya mpira wanagombea kisahani kigumu cheusi. Ni mchezo wa Kanada na nchi za baridi. Umefikaje Texas, Louisiana na Mississippi, kwenye joto la kuloanisha shati kama la hapa Dar?

Wengi husema ni watu wa kaskazini waliohamia kusini kutafuta kazi, wakaja na mchezo wao. Sawa, wapo. Lakini mimi nabisha kidogo: naona ukumbi ndio ulitangulia, mchezo ukafuata nyuma.

Chukua Charlotte, North Carolina. Mwaka 1955 mji ulifungua ukumbi mkubwa wenye paa la kuba. Januari 1956, kule Baltimore, ukumbi wa timu ya Clippers ukateketea kwa moto msimu ukiwa katikati. Timu haina pa kuchezea! Ikahamishia mechi Charlotte, na usiku wa kwanza tu wakajaa watu zaidi ya 10,000, wengine wakarudishwa mlangoni. Ikabaki huko huko, ikabeba ubingwa wa ligi yake msimu wa 1956-57, na 1960 ikaitwa Checkers.

Barafu yenyewe si uchawi. Chini ya sakafu ya zege kuna mabomba ya maji ya chumvi yaliyopozwa sana (chumvi inayazuia yasigande), juu wanamwaga maji kidogo kidogo mpaka yagande unene wa kama sentimita 2.5. Kesho kukiwa na kikapu, wanalaza mbao juu. Ni friji kubwa tu. Bili ya umeme tusiiulize.

Basi miji yenye kumbi zinazolala bure usiku ikachangamkia. ECHL ilianza 1988 na timu 5, CHL ikafuata 1992, na 1996 ikaja WPHL na timu 6 za Texas na New Mexico. Majina sasa! Austin waliitwa Ice Bats kwa sababu ya popo wanaoishi chini ya daraja la mji wao. Lafayette, Louisiana, walikuwa IceGators, yaani mamba wa barafu, na kuna misimu walipata wastani wa zaidi ya watu 10,000 kwa mechi. Hiyo ni ligi ya chini jamani, wachezaji wanasafiri kwa basi!

Halafu zikaanza kuanguka. WPHL ikamezwa na CHL 2001, IceGators wakafunga 2005, Ice Bats 2008, CHL yenyewe 2014. Kinachoniuma zaidi ni Biloxi, Mississippi. Sea Wolves walikuwa mabingwa wa ECHL 1999. Agosti 2005 kimbunga Katrina kikaharibu ukumbi, timu ikakaa misimu miwili bila kucheza, ikarudi 2007, ikafa 2009. Watu walishaipenda, watoto walishavaa jezi, lakini ukiondoa ule ukumbi mmoja hakuna pa kuweka barafu. Kaskazini ziwa likiganda tu mtoto anacheza, timu iwepo isiwepo.

Na Checkers? Walikufa 1977, jina likafufuliwa 1993, na 2019 wakachukua Kombe la Calder la ligi ya AHL, ngazi moja chini ya NHL. Walikuwa wanachezea wapi? Tangu 2015 walisharudi kwenye ule ule ukumbi wa 1955.