Safu ya Tatu: Umbo la Kitenzi Lililowagombanisha Wanasarufi wa Ulaya

Mwaka 2022 Hispania iliadhimisha miaka 500 tangu kufariki kwa Antonio de Nebrija, mwanazuoni mzaliwa wa mji wa Lebrija, ambaye mwezi Agosti 1492 alichapisha mjini Salamanca sarufi ya Kikastilia, yaani lugha inayojulikana leo kama Kihispania. Nebrija hukumbukwa kama mtu aliyeipa lugha ya sokoni na ya nyumbani heshima ambayo hadi wakati huo wasomi waliihifadhia Kilatini, lakini ndani ya kitabu chake imo hoja moja isiyo na umaarufu huo, nayo inamgusa kila anayejifunza Kihispania au Kiingereza hadi leo. Ni hoja kuhusu patisipo ya wakati uliopita.

Patisipo ni umbo la kitenzi lenye kazi mbili, kwa kuwa hubeba maana ya tendo kama kitenzi na wakati huohuo huweza kueleza sifa ya nomino kama kivumishi. Katika Kiingereza, written hutumika katika kusema kwamba mtu ameandika barua, na pia katika kuizungumzia barua iliyoandikwa. Katika Kihispania, kazi hizo hufanywa na escrito. Kiswahili hakina umbo moja la namna hiyo, kwani utimilifu wa tendo huonyeshwa na kiambishi -me- ndani ya kitenzi chenyewe, kama katika nimeandika, na sifa hujengwa kwa kirejeshi, kama katika iliyoandikwa, ingawa maneno kama maarufu, majeruhi na mahabusu yaliingia kutoka Kiarabu yakiwa tayari ni maumbo ya aina hiyo katika lugha yake ya asili. Kwa sababu hiyo mwanafunzi wa Kenya au Tanzania hukutana na patisipo kwa mara ya kwanza katika somo la Kiingereza, katika orodha ya safu tatu inayokaririwa kwa sauti, go, went, gone, bila kuelezwa safu ya tatu ilitoka wapi wala ni nani aliyeamua iwe ilivyo.

Wagiriki wa kale waliihesabu patisipo kuwa aina ya neno inayojitegemea, miongoni mwa aina nane, na Waroma wakafuata mkondo huo. Katika Kilatini cha mazungumzo, mtu aliyesema kwamba anazo barua zilizoandikwa alianza polepole kueleweka kwamba ameziandika yeye mwenyewe, na kitenzi cha kumiliki kikageuka kuwa kitenzi kisaidizi, yaani kitenzi kinachobeba wakati na nafsi huku maana kuu ikibebwa na kingine. Kiingereza, ambacho hakikuzaliwa na Kilatini, kilipita katika mabadiliko yanayofanana na hayo.

Katika Kihispania cha kale, patisipo iliyofuata kitenzi kisaidizi haber iliweza kupatana na yambwa kwa jinsia na idadi, kama inavyoonekana katika utenzi wa kale wa Cid, lakini kufikia zama za Nebrija upatanisho huo ulikuwa umetoweka. Mwanamume na mwanamke, mmoja au wengi, walisema he escrito, yaani nimeandika, iwe kilichoandikwa ni barua moja au mia, ilhali barua zenyewe zinapoelezwa kwamba zimekwisha kuandikwa, neno lilelile hubadilika na kuwa escritas. Wengine wangeiona tofauti hiyo kuwa jambo dogo, lakini Nebrija aliona kwamba neno lisilokubali jinsia wala idadi haliwezi kuwekwa fungu moja na neno linalozikubali. Akaongeza aina mpya ya neno, akaiita jina la kipatisipo lisilo na ukomo, na kwa njia hiyo akafikisha aina za maneno ya Kikastilia kuwa kumi, akisisitiza kwamba lugha yake ilikuwa na kitu ambacho Kigiriki na Kilatini hazikuwa nacho. Ulikuwa uamuzi wa kijasiri, kwa kuwa wasomi wa siku zile walizoea kuipima kila lugha kwa vipimo vya Kilatini, na kisichotoshea kikaitwa kasoro.

Fungu hilo jipya halikudumu katika vitabu vya baadaye. Hata hivyo, mwaka 1847, Andrés Bello, mzaliwa wa Caracas aliyekuwa akiishi Chile, alichapisha sarufi iliyokusudiwa watumiaji wa Kihispania wa Amerika, na humo akaitenganisha tena patisipo inayofuata haber na ile inayofanya kazi ya kivumishi, kwa sababu zinazokaribiana sana na za Nebrija, zaidi ya miaka 350 baada yake.

Upande wa Kiingereza mgogoro ulikuwa mkali zaidi, na chanzo chake kilikuwa katika muundo wa kale wa lugha hiyo. Kiingereza cha kale kilikuwa na kundi kubwa la vitenzi vilivyoonyesha wakati kwa kubadili irabu za ndani badala ya kuongeza kiambishi tamati, na vingi kati ya hivyo vilikuwa na maumbo mawili ya wakati uliopita, moja la umoja na jingine la wingi. Aliyeimba peke yake alielezwa kwa sang, walioimba wengi kwa sungon, na patisipo ilikuwa gesungen. Viambishi tamati vilipochakaa, umbo la wingi na patisipo yakakaribiana mno katika vitenzi vya namna hii, na wasemaji wakabaki na maumbo mengi kuliko kazi za kuyapa. Katika karne za 16, 17 na 18, waandishi waliosifika kwa ufasaha waliandika have wrote, have spoke na have chose bila wasiwasi wowote, mahali ambapo mwanafunzi wa leo angekatwa alama.

Samuel Johnson, katika sarufi iliyotangulia kamusi yake ya mwaka 1755, alishauri kwa upole kwamba kitenzi chenye patisipo ya pekee kitumiwe kwa patisipo hiyo, hivyo written ni bora kuliko wrote, ingawa aliwaachia washairi uhuru wao. Upole huo haukumtosha Robert Lowth, kasisi wa Kianglikana aliyewahi kuwa profesa wa ushairi katika Chuo Kikuu cha Oxford, ambaye baadaye alikuwa askofu wa Oxford na kisha wa London. Mwaka 1762 Lowth alichapisha sarufi fupi ya Kiingereza bila kuweka jina lake, na humo akalalamika kwamba matumizi ya umbo la wakati uliopita mahali pa patisipo ni uharibifu uliokuwa ukienea kila siku. Hakuishia kutoa kanuni, bali katika tanbihi zake aliwaita wakubwa wa fasihi mmoja baada ya mwingine kama washtakiwa mahakamani, na Milton, Dryden, Addison na Swift wote wakaonyeshwa makosa yao kwa nukuu.

Ingrid Tieken-Boon van Ostade, mtaalamu wa historia ya Kiingereza wa Chuo Kikuu cha Leiden, aliichunguza kadhia hiyo katika kitabu alichokitoa mwaka 2011, na maelezo yake yanapunguza makali ya sura ya askofu huyo. Kwa mujibu wake, Lowth alianza kuandika sarufi hiyo kwa ajili ya mwanawe mdogo, na katika barua za faragha alizomwandikia mkewe yanapatikana maumbo ya aina ileile aliyoyalaani kitabuni. Hilo halimfanyi Lowth kuwa mnafiki. Linaonyesha kwamba alitofautisha lugha ya hadhara na lugha ya nyumbani, na kwamba have wrote ilikuwa hai midomoni mwa wasomi wakati ilipohukumiwa kwenye karatasi.

Hukumu hiyo ilisafiri mbali kwa mikono ya Lindley Murray, Mmarekani aliyehamia York nchini Uingereza, ambaye sarufi yake ya mwaka 1795 ilichota mengi kutoka kwa Lowth na kusambaa katika shule za pande zote mbili za Atlantiki. Humo vitenzi visivyo vya kawaida vilipangwa kwa alfabeti katika safu tatu, mpangilio ambao vitabu vya shule viliurithi, na ambao ulifika Afrika Mashariki pamoja na elimu ya kikoloni. Hata hivyo, usawa kamili haukupatikana: Wamarekani wameendelea kutumia gotten ambayo Waingereza wengi waliiacha, na Akademia ya Kihispania, iliyoanzishwa mwaka 1713, hadi leo inakubali imprimido na impreso kwa kitabu kilichopigwa chapa, pamoja na freído na frito kwa chakula kilichokaangwa.

Kwa hiyo safu ya tatu inayokaririwa darasani ni mapatano ya watu waliobishana, wengine wakashinda kwa hoja na wengine kwa wingi wa nakala zilizouzwa. Inasikitisha kwamba vitabu vingi vya shule bado vinaipanga kwa alfabeti na kuitenganisha sing na ring, ilhali vitenzi hivyo hubadili irabu kwa namna moja na mtoto angevishika kwa urahisi kama vingefundishwa pamoja. Mwanafunzi anayeandika have wrote asahihishwe, kwa kuwa kanuni ya leo ndiyo hiyo, lakini asichekwe, kwa sababu kosa lake liliwahi kuwa Kiingereza cha Dryden. Wakuza mitaala na walimu wa lugha wana wajibu wa kuirudisha historia hii darasani, angalau kwa ukurasa mmoja kabla ya orodha kuanza.