Mwanga na Sura ya Mtu

Msomaji mpenzi, bila shaka nyumbani kwenu mna bahasha au sanduku la picha za zamani. Lifungue siku moja, uzitandaze picha zile mezani, kisha uzitazame si kwa macho ya jamaa bali kwa macho ya mwanafunzi wa historia. Utaona kwamba baadhi ya watu waonekana vema, hata mikunjo ya nyuso zao yahesabika, na wengine wamekuwa vivuli tu. Je, umepata kujiuliza kwa nini? Watu wengi husema kwamba kamera ilikuwa mbaya. Jawabu hilo ni jepesi, lakini halitoshi. Katika insha hii nataka tufuate habari za mwanga wa kupigia picha, tangu dirisha la kioo la Ulaya hata kile kisanduku kikubwa cha kitambaa ambacho mafundi wa siku hizi hukiita softiboksi.

Nitaeleza kwanza jambo lililonitia katika uchunguzi huu. Nyanya yangu, ambaye sisi wajukuu tulimwita kukhu, aliishi na kufariki katika wilaya ya Bungoma. Alipofariki, jamaa walitafuta picha yake ya kuweka mbele ya jeneza. Ilipatikana picha moja ya rangi, iliyopigwa studio katika miaka ya 1980. Tukaipeleka ikakuzwe. Ilipoletwa, kitambaa cheupe alichojifunga kichwani kilionekana barabara, uzi kwa uzi. Paji la uso lilikuwa na doa la mng'ao mfano wa sarafu. Lakini uso wenyewe ulikuwa weusi mtupu. Mtoto mmoja aliuliza mbele ya waombolezaji, "Macho ya kukhu yako wapi?" Hapana aliyemjibu. Mimi ni mwalimu, na swali la mtoto lisilojibiwa hunikosesha usingizi. Basi nikaanza kutafuta jawabu lake.

Sanaa ya kupiga picha ilitangazwa kwa ulimwengu mwaka wa 1839. Daguerre alionyesha njia yake huko Paris, na katika mwaka huo huo Talbot akaonyesha yake Uingereza. Siku hizo hapakuwa na taa yenye nguvu ya kutosha. Mtu aliyetaka picha aliketi kimya muda mrefu, kichwa kimeshikizwa kwa chuma nyuma ya shingo, akingoja mwanga wa mchana ufanye kazi yake. Kwa hiyo mafundi wa Ulaya walijenga studio zao juu ya majumba marefu, wakaweka vioo katika paa na katika ukuta wa upande wa kaskazini. Huko kwao jua la adhuhuri huwa upande wa kusini daima, hivyo dirisha la kaskazini kwa kawaida haliingizi miale ya jua. Huingiza mwanga wa mbingu tu, nao ni mpole na haubadiliki upesi. Wachoraji walikuwa wakiifuata kanuni hiyo zamani kabla ya kamera kuzaliwa.

Lakini, msomaji, jaribu kuileta kanuni hiyo kwetu. Kitale iko karibu digrii 1 kaskazini ya Ikweta, na Bungoma iko karibu zaidi, kiasi cha nusu digrii. Umejifunza katika jiografia kwamba kutoka mwisho wa Machi hata Septemba jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini yetu, na miezi inayobaki huwa upande wa kusini. Basi dirisha la kaskazini lililo jema mwezi wa Desemba huingiza jua kali mwezi wa Juni. Fundi wa Ikweta hana upande mmoja wa kuutegemea. Hana budi kuwa na pazia jeupe la kulituliza jua, au kumketisha mteja wake kivulini penye mbingu wazi mbele yake. Hapa twaona ya kuwa elimu iliyo kweli mahali pamoja yaweza kuwa kosa mahali pengine, mpaka mtu aitafakari upya.

Katika Afrika ya Mashariki studio zilianza pwani. Unguja ilikuwa na studio za Wagoa, A. C. Gomes na ndugu wa Coutinho, tangu karne ya 19. Ranchhod Oza, aliyejifunza kazi kwa Gomes, alifungua Capital Art Studio mjini Zanzibar mwaka wa 1930. Lamu nayo ilikuwa na Omar Said Bakor, aliyejulikana sana kwa picha zake. Bara ilifuata nyuma ya reli. Tawi la reli kutoka upande wa Eldoret lilifika Kitale mwaka wa 1926, na njia kuu ipitayo Bungoma ilifika Kampala mwaka wa 1931. Penye stesheni palikuwa na maduka, na penye maduka, baada ya muda, mtu mmoja alitundika pazia lililochorwa maua na kuweka kiti mbele yake.

Watu walikwenda studio kwa furaha, kwa ajili ya harusi, ubatizo au kurudi kutoka safari. Lakini serikali nayo ilikuwa na haja yake ya kumtambua mtu. Sheria ya kipande ilitungwa mwaka wa 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwanamume Mwafrika alibeba shingoni kikopo cha bati chenye karatasi ya alama za vidole vyake. Kipande kile hakikuwa na haja ya sura yake. Kilitaka vidole tu. Vitambulisho vya baadaye viliidai sura. Hata hivyo wanawake wa Kenya hawakuandikishwa mpaka sheria ilipobadilishwa mwaka wa 1978. Kwa wengi wao, kukhu akiwa mmoja, siku ya kutafuta kitambulisho ilikuwa siku ya kwanza ya kukaa mbele ya kamera.

Sasa turudi kwenye swali la mtoto. Macho yalipotea wapi? Nimeona sababu mbili.

Sababu ya kwanza ni filimu. Kampuni ya Kodak ya Marekani ilizipelekea maabara kadi yenye picha ya mwanamke mweupe, iliyojulikana kwa jina la Shirley, ili mafundi waitumie kupimia rangi. Picha ikimtoa vema Shirley, ilihesabiwa kuwa sawa. Mtu mweusi hakuwamo katika kipimo hicho. Katika miaka ya 1970 watengenezaji wa chokoleti na wa samani walilalamika kwamba rangi za kahawia hazitoki vema katika picha za bidhaa zao, na malalamiko yao yalisaidia kuileta filimu iliyo bora. Kadi yenye wanawake wa rangi mbalimbali ilitokea katika miaka ya 1990. Yahuzunisha kufikiri kwamba chokoleti na meza vilisikilizwa kabla ya mwanadamu.

Sababu ya pili ni taa. Mwaka wa 1887 Wajerumani wawili, Miethe na Gaedicke, walitengeneza unga wa magnesi uliowaka kwa mlipuko na moshi. Karibu na mwaka wa 1930 zilikuja balbu za kumulika mara moja, na katika miaka hiyo ya 1930 Harold Edgerton wa Marekani akaiendeleza flashi ya umeme. Kila hatua ilikuwa na wepesi kuliko iliyotangulia. Lakini taa iliyofungwa juu ya kamera ilikuwa ndogo mno. Taa ndogo hutupa vivuli vikali. Tena ngozi nyeusi, kama mti uliopigwa msasa vizuri, huonyesha umbo lake hasa kwa mng'ao. Taa ndogo huacha doa dogo jeupe pajini, na mahali pengine pote hubaki giza. Taa pana hutandaza mng'ao ule juu ya shavu, pua na kidevu, na umbo la uso likaonekana. Ile sarafu katika paji la kukhu ilikuwa sura ya taa yenyewe.

Upole wa mwanga, msomaji, hutokana na upana wa taa kama inavyoonekana kutoka pale alipo mtu, wala si udhaifu wake. Jua ni kubwa mno, lakini liko kiasi cha kilometa milioni 150 kutoka kwetu, hivyo laonekana dogo na vivuli vyake ni vikali. Alasiri mawingu ya Mlima Elgon yanapotanda, mbingu yote hugeuka kuwa taa moja pana, na vivuli hutoweka. Softiboksi ni wingu lililotengenezwa kwa mikono ya mtu. Ni kisanduku cha kitambaa, ndani chang'aa kama fedha, mbele kimefunikwa kitambaa cheupe, na taa huwekwa nyuma. Ni mjukuu wa lile dirisha la kaskazini, ila huyu hamtegemei jua.

Mwaka mmoja chama cha picha cha shule yetu kilipata fedha kidogo, nami nikatumwa kwenda kununua taa. Nilipofika Kitale, muuzaji alinionyesha kisanduku kikubwa kuliko vyote, cha sentimeta 120 kwa 180. Nilikitamani. Kisha nikakumbuka chumba chetu. Kanuni ya mafundi yasema kwamba taa ikae mbali na mtu kiasi cha mstari wa pembe hata pembe wa kisanduku, au karibu zaidi. Kisanduku kile kina mstari wa sentimeta 216. Pamoja na kigingi chake, na nafasi ya mtu, na nafasi ya mpiga picha, chumba chetu kingejaa kabla mwanafunzi hajaingia. Kikisimama wima chataka dari iliyo juu sana. Cha sentimeta 90 kwa 120 kina mstari wa sentimeta 150 kamili. Unaweza kuthibitisha kwa kanuni ya Pythagoras. Hicho ndicho nilichochukua, nacho chatosha kabisa kwa mtu mmoja tangu kichwa hata kiuno.

Ukipewa kazi kama hiyo, usidanganywe na ukubwa. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Washa taa, utazame kitambaa cha mbele: katikati pasing'ae zaidi ya pembeni. Kiwe cheupe halisi, maana kitambaa cha manjano hufanya nyuso kuwa na homa ya manjano. Pete ya kukishikizia kisanduku iwe ya aina ya taa yako. Nunua kigingi imara na mfuko wa mchanga wa kukikandamiza, kwa kuwa nje upepo hukigeuza kisanduku kuwa tanga. Ujue pia kipimo cha mwanga: umbali ukizidi mara mbili, mwanga hubaki robo. Kwa hiyo usijaribu kumulika darasa la wanafunzi arobaini kwa kisanduku kimoja. Wapeleke nje, kivulini mwa jengo, penye mbingu pana. Na kama hakuna fedha, shuka jeupe dirishani na ubao mweupe upande wa pili vimewatosha mafundi wengi waliotutangulia.

Siku ya kwanza ya kuitumia taa ile tulimpiga picha mpishi wa shule, mzee mweusi wa kupendeza, aliyezoea kucheka kwamba katika picha huonekana meno tu. Alipoonyeshwa sura yake alinyamaza. Kisha akasema, "Kumbe nafanana na baba yangu." Baba yake hakuwa ameacha picha hata moja.

Msomaji, katika makumbusho na vitabu vya zamani mna picha nyingi za Waafrika zisizo na majina, na nyingine zisizo na nyuso. Hatuwezi kuzipiga tena. Lakini nyanya zetu walio hai bado wako. Mketishe nyanya yako penye mwanga mpana, ungoje mpaka macho yake yaonekane, kisha uandike nyuma ya picha jina lake, mahali na mwaka. Atakapouliza mtoto, apatikane wa kumjibu.