MAFUTA YAPENYAYO NA MAFUTA YAFUNIKAYO: HISTORIA YA UTUNZAJI WA NYWELE KISANGANI, KUTOKA NGOLA HADI SILIKONI

1.0 Utangulizi

Katika lugha mbili zinazosikika zaidi mjini Kisangani, yaani Kiswahili na Kilingala, neno mafuta ni moja. Hutumika kwa mawese ya kupikia, kwa losheni ya mwilini, kwa mafuta ya mgando ya kichwani, na hata kwa kile kimiminika chepesi chenye kung'aa ambacho msusi humalizia nacho kazi yake. Kimiminika hicho cha mwisho, mara nyingi, si mafuta hata kidogo kwa maana ya kikemia. Ni silikoni.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi vitu vya asili mbalimbali vilivyokutana chini ya jina moja, na hasara inayotokana na jina hilo. Hasara yenyewe si ya nadharia tu. Mama anayelipia tiba ya mvuke, ile ambayo wasusi wa Afrika ya Mashariki huiita stimingi, juu ya nywele zilizokwisha kufunikwa kwa tabaka juu ya tabaka za silikoni, amelipia kwa sehemu kubwa kuoshwa kwa kifuniko. Hoja yetu ni kwamba historia ya bonde la Kongo yenyewe inatupatia tofauti iliyo muhimu katika jambo hili, yaani tofauti baina ya mafuta yapenyayo na mafuta yafunikayo. Na kwamba Kiswahili hakikosi maneno ya kuitaja.

2.0 Mawese, mise na ngola

Mchikichi ni mti wa Afrika, nao huzaa mafuta ya aina mbili kutoka katika tunda moja. Nyama ya nje hutoa mawese, mekundu kwa sababu ya karotini. Kokwa la ndani hutoa mise, ambayo ikikamuliwa baada ya kokwa kukaangwa huwa nyeusi. Watu wengi wa Afrika ya Kati na ya Magharibi wamezitumia aina zote mbili kwa ngozi na nywele tangu zamani.

Pamoja na mafuta hayo palikuwapo ngola, yaani unga mwekundu wa mti wa jamii ya mninga, uliosagwa na kuchanganywa na mafuta. Ngola ilikuwa bidhaa kubwa katika biashara ya mtoni katika karne ya 19. Msafiri wa Kijerumani Georg Schweinfurth, alipofika mwaka 1870 katika baraza ya Mbunza, mfalme wa Wamangbetu katika nchi ya Uele, kaskazini mashariki ya Kisangani ya leo, alimkuta amepakwa marhamu ya unga huo mwili mzima. Msafara wa Herbert Lang na James Chapin, uliofanya kazi katika Kongo ya kaskazini mashariki kati ya 1909 na 1915 kwa ajili ya jumba la makumbusho la New York, uliacha maelfu ya picha, zikiwamo za wanawake wa Kimangbetu na nywele zao zilizosukwa juu ya kiunzi na kupanuka kama taji.

Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba mchanganyiko ule ulikuwa na sehemu mbili zenye kazi mbili. Mafuta yalilainisha, unga uliganda juu, ukatoa rangi na ukashika umbo la msuko. Kulainisha na kufunika havikuwa kitu kimoja.

3.0 Waswahili mtoni na safari ya kokwa

Kiswahili kilifika katika maporomoko ya Boyoma pamoja na wafanyabiashara wa pwani. Stanley aliweka kituo hapo Desemba 1883, na mwaka 1887 Hamed bin Muhammed el Murjebi, anayejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip, akafanywa wali wa wilaya hiyo kwa niaba ya Dola Huru ya Kongo. Huyu ndiye aliyeandika maisha yake kwa Kiswahili, yakachapishwa na Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya 20.

Watu wa pwani walikuwa na utaratibu wao wa mwili na nywele: mafuta ya nazi, mafuta ya uto yatokanayo na ufuta, na kusinga, yaani kupaka manukato huku mwili ukikandwa. Mnazi si mti wa msitu wa Kongo. Mchikichi ndio uliopo. Msomaji atakumbuka pia kwamba lugha ya pwani ilikuwa na majina ya kuzigawa nywele zenyewe: nywele za singa, zilizonyooka, na nywele za kipilipili. Majina hayo hayakuwa sawa kwa heshima. Tamaa ya mng'aro wa singa, ambayo baadaye viwanda vya mbali vingeiuza katika chupa, ilikwisha kuwa na neno kabla ya chupa hizo kufika.

Baada ya Waarabu na Waswahili kushindwa katika vita vya 1892 hadi 1894, mto ukawa njia ya aina nyingine ya biashara. Kwa mkataba wa Aprili 1911, serikali ya Ubelgiji iliipa kampuni ya Lever Brothers haki ya kupata hadi hekta 750,000 za ardhi yenye michikichi katika maeneo matano ya mviringo. Mojawapo lilikuwa na makao Elisabetha, ambako leo ni Lokutu, katika eneo la Basoko, mkoa wa Tshopo. Kazi ya kukata vichala ilisimamiwa kwa kulazimishwa, jambo ambalo mwanahistoria Jules Marchal alilithibitisha kwa nyaraka za utawala wenyewe katika kitabu chake cha mwaka 2001. Mwaka 1929 Lever Brothers iliungana na Waholanzi, ikazaliwa Unilever, ambayo ilibaki na mashamba hayo mpaka ilipoyauza mwaka 2009.

Mawese yalikamuliwa huko huko mashambani. Kokwa zilisafirishwa kwa wingi hadi Ulaya kukamuliwa huko. Kwa maneno mengine, mafuta yafaayo zaidi kwa nywele, kama tutakavyoonyesha, yaliondoka yakiwa bado ndani ya kokwa, na nchi ikarudishiwa sabuni.

Kituo cha utafiti cha Yangambi, karibu kilomita 100 chini ya Kisangani, nacho kiliongeza jambo. Mwaka 1941 Beirnaert na Vanderweyen walieleza kwamba mchikichi wenye gamba nene ukizalishwa na ule usio na gamba, hupatikana wenye gamba jembamba, uitwao tenera, wenye nyama nyingi zaidi katika tunda. Ugunduzi huo ndio msingi wa mashamba ya michikichi duniani kote hata leo. Lengo lake lilikuwa mawese, si mise.

4.0 Kuja kwa silikoni

Silikoni haitokani na mmea wala na mafuta ya petroli. Uti wake ni silikoni na oksijeni zikifuatana, na malighafi yake ya kwanza ni mchanga wa kwatzi. Frederic Kipping wa Nottingham ndiye aliyeipa jina mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1940 Eugene Rochow wa General Electric alipata njia rahisi ya kuitengeneza, na mwaka 1943 ikaundwa kampuni ya Dow Corning kwa ajili ya mahitaji ya vita. Katika miaka ya 1950 silikoni iliingia katika krimu za mikono, na katika nusu ya pili ya miaka ya 1980 katika shampuu zilizosafisha na kulainisha kwa pamoja. Tangu hapo imeenea katika takriban kila aina ya bidhaa ya nywele.

Dawa kali za kunyoosha nywele, zenye magadi ya viwandani, ziliifungulia njia barani Afrika. Dawa hizo huinua magamba ya unywele na kuvunja viungo vya ndani vya keratini. Unywele hubaki mkavu na wenye kukwaruza. Silikoni huyalaza magamba hayo, hupunguza msuguano wa kitana, na hutoa mng'aro mara moja. Ndiyo maana hupendwa, na kupendwa huko si ujinga.

Hata hivyo, chupa hutegemea njia. Katika vita vya 1998 hadi 2003, biashara ya mtoni kati ya Kisangani na Kinshasa ilikatwa, na mnamo Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana kwa siku sita ndani ya mji wenyewe. Katika miaka kama hiyo bidhaa za nje huwa adimu na ghali, lakini mchikichi hauhitaji meli ili kufika Kisangani.

5.0 Mpangilio wa matumizi

Mwaka 2003 Rele na Mohile walichapisha utafiti uliolinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na ya petroli. Ni ya nazi peke yake yaliyopunguza kwa kiasi kikubwa upotevu wa protini ya nywele. Walieleza kwamba asidi ya lauriki, iliyo kuu katika mafuta ya nazi, ina molekuli ndogo na iliyonyooka, nayo hupenya ndani ya unywele.

Sasa tutazame mchikichi. Karibu nusu ya asidi za mise ni hiyo hiyo lauriki. Mawese, kinyume chake, yana hasa asidi ya palmitiki na ya oleiki. Kwa kufuata muundo huu twaweza kusema kwamba mise ndiyo ndugu wa nazi. Mawese hukaa zaidi juu. Tunda moja, basi, lina mafuta yapenyayo na mafuta yafunikayo.

Tiba ya kina ina kazi ya tatu. Viambato vyake vikuu vina chaji chanya, navyo hushika sehemu za unywele zilizodhurika, ambazo zina chaji hasi. Joto la mvuke husaidia kazi hiyo.

Kutokana na hayo, utaratibu wa kuvichanganya vitu hivi unafuata mantiki. Kwanza, silikoni ya zamani iondolewe kwa shampuu yenye nguvu ya kutosha. Pili, mise au mafuta ya nazi yapakwe na kuachwa saa kadhaa, kisha nywele zioshwe kwa upole. Tatu, ifuate tiba ya kina. Nne, na mwisho kabisa, silikoni kidogo kwa ajili ya kufunika. Anayeanza na la nne huyapunguzia yaliyobaki nafasi ya kufanya kazi.

Hapana budi kuonya juu ya kosa la upande wa pili. Husemwa kwamba silikoni huua nywele. Unywele uliokwisha kuota hauna uhai wa kuuawa, na utando wa silikoni huondoka kwa kuoshwa ipasavyo. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2018, iliyobana matumizi ya silikoni mbili za mviringo katika bidhaa za kuoshwa kuanzia mwaka 2020, ilitokana na kukaa kwake muda mrefu katika maji ya mito na maziwa, si madhara kwa nywele. Kwa mji unaoishi kwa samaki wa mto, sababu hiyo nayo yastahili kufikiriwa.

6.0 Suala la istilahi

Majina ya viambato katika vibandiko hufuata kanuni ya kimataifa, na mwanafunzi wa isimu atayasoma kwa wepesi kama asomavyo viambishi. Jina linaloishia kwa -cone au -xane, mathalani dimethicone au cyclopentasiloxane, ni la silikoni. Likitanguliwa na PEG, silikoni hiyo kwa kawaida huondoka kwa maji kwa urahisi zaidi. Likiwa amodimethicone, hushika zaidi. Bidhaa nyingi za tiba ya kina zina majina hayo ndani yake, hivyo kifuniko huingia pamoja na dawa bila mtumiaji kujua.

Nomino ya Kiswahili imeificha tofauti hii, lakini vitenzi vyetu havikuificha. Kupaka ni kuweka juu. Kukanda na kusinga ni kutia nguvu ya mkono ili kitu kiingie. Twapendekeza, basi, kwamba neno mafuta libaki kwa vitu vya mbegu, tunda na mnyama. Kwamba vitu vya silikoni viitwe utando. Na kwamba katika mafundisho ya ususi na ya sayansi kimu pasemwe wazi, mafuta ya kupenya na mafuta ya kufunika. Maneno haya hayahitaji kukopwa. Yanahitaji kutumiwa.

7.0 Hitimisho

Tumeona kwamba ngola na mafuta yake zilikuwa na kazi mbili zilizotofautishwa. Kwamba biashara ya sabuni iliichukua kokwa na kuacha jina. Na kwamba silikoni, iliyozaliwa mbali, iliingia katika jina hilo bila kuulizwa. Mise ingali ikikamuliwa katika nchi ya michikichi, na Yangambi ingali kwenye ukingo wa mto. Kilichobaki ni kwa chuo kikuu na saluni kuzungumza kwa msamiati mmoja, ili yule alipiaye tiba ajue ni kipi kimeingia katika nywele zake na ni kipi kimezifunika tu.