Ramani ya Utafiti na Yaliyoachwa Nje Yake

Mintarafu ya mageuzi ya elimu ya juu, wanazuoni wa zama hizi wamezoea kuuchora mwelekeo wa utafiti kwa kuhesabu: huziendea faharasa kubwa za majarida, aghalabu Scopus, iliyoanzishwa mwaka 2004, wakadondoa istilahi zinazorudiwa mara nyingi, kisha wakatuonyesha ni nchi gani iliyoandika zaidi na ni nani aliyenukuliwa mno. Sina ugomvi na hesabu yenyewe. Ninaloshikilia ni kwamba, kwa Afrika Mashariki, ramani ya namna hiyo hufuata njia ya fedha na ya uchapaji kabla haijafuata njia ya fikra.

Tutazame Dar es Salaam. Mwezi Machi 1967, majuma machache tu baada ya Azimio la Arusha, palifanyika mkutano wa kuijadili dhima ya Chuo Kikuu katika Tanzania ya ujamaa, na mas'ala ya nini kifundishwe, na kwa manufaa ya nani, yakapingwa na kutetewa kwa bidii ambayo sijaiona tena. Mjadala huo ukaendelea katika Cheche, jarida la wanafunzi lililopigwa marufuku mwaka 1970, na Azimio la Musoma la 1974 likageuza hata masharti ya kuingia chuoni, likamtaka kijana afanye kazi kwanza. Lakini sehemu kubwa ya fikra hizo ilibaki katika makaratasi ya semina, ripoti za kamati na kurasa zilizorudufiwa, ambazo faharasa za ng'ambo hazikuzipokea, hata anayeitegemea ramani peke yake hudhani kwamba huku hakuna aliyewaza.

Kisha hoja ikageuka. George Psacharopoulos wa Benki ya Dunia alipokokotoa kwamba fedha inayotumiwa katika shule ya msingi huizalia jamii faida kubwa kuliko ile ya chuo kikuu, serikali zilishauriwa kupunguza ruzuku. Makerere ikawapokea wanafunzi wa kujilipia tangu 1992, na Nairobi ikafuata mwaka 1998. Utafiti nao ukaelekea huko huko: gharama, mikopo, udahili, ithibati. Mtafiti ambaye mshahara haukumtosha aliishi kwa kazi za ushauri, na swali la mfadhili likawa swali lake. Wala si sadfa kwamba kitabu cha Mahmood Mamdani cha mwaka 2007, kilichoichambua Makerere ilivyogeuzwa soko, kilichapishwa na CODESRIA ya Dakar, taasisi ya Waafrika wenyewe.

Kwa hiyo anayetaka kuuchora mwelekeo huu kwa haki hana budi kuanzia katika makabati ya maktaba zetu, azisome tasnifu, ripoti na majarida ya Kiswahili, na mkabala wa kila mada aandike ni nani aliyeliuliza swali hilo, na ni nani aliyelilipia.