Mrija wa Pitot na Kipimo cha Mwendo wa Ndege

Chombo kipimacho mwendo wa ndege hakikuzaliwa angani, kilizaliwa mtoni. Katika mwaka 1732 mhandisi Mfaransa, Henri Pitot, alitumbukiza katika mto Seine, mjini Paris, mrija wa kioo uliopindwa, mdomo wake ukielekea mkondo utokako. Maji yakapanda ndani ya mrija, na kadiri mkondo ulivyokuwa na nguvu ndivyo yalivyopanda zaidi. Wataalamu wengi wa zama zile waliamini kwamba maji ya chini ya mto huenda mbio kuliko ya juu. Mrija ule ulidhihirisha kuwa sivyo.

Mafundi wa ndege wa karne ya 20 waliurithi mrija huo. Katika ndege ndogo, mara nyingi hutokeza chini ya bawa na kuukabili upepo, na tundu jingine ubavuni hupokea hewa tulivu. Ndani ya kipima-mwendo kimo kikopo chembamba cha madini: hewa ya mrija hukiingia, hewa tulivu hukizunguka. Kikopo hutanuka na kunywea kwa tofauti ya hewa hizo mbili, nacho huuendesha mshale. Basi chombo hiki hakiujui mwendo. Chajua tofauti tu. Njia moja ikizibwa, tofauti hiyo huwa ya uongo, wala mshale hauna njia ya kumwonya anayeutazama.

Hata hivyo, ugonjwa wake hutambulikana kwa dalili. Mdomo wa mrija ukizibwa, na kitundu cha kutolea maji kikiwa wazi, mshale huanguka mpaka sifuri; kosa hilo halina hila. Vikizibwa vyote viwili, hewa hufungika ndani: ndege ikipanda, hewa ya nje hupungua nguvu, na mshale hupanda kana kwamba mwendo umezidi. Likizibwa tundu la ubavuni ndege ikiwa juu, mshale hutia chumvi mwendo wakati wa kushuka, na rubani auaminiye hupunguza mwendo hata mabawa yakakosa kubebwa na hewa.

Dalili ya pili imekwisha kuua watu wengi. Tarehe 1 Desemba 1974 Boeing 727 isiyo na abiria iliruka kutoka New York. Hita ya mirija haikuwashwa, na barafu ikaiziba. Mshale ulipopanda, marubani waliinua pua ya ndege ili kupunguza mwendo ambao haukuwako. Wote 3 waliokuwamo walikufa. Tarehe 6 Februari 1996 ikafuata Boeing 757 iliyoruka kutoka Puerto Plata, katika Jamhuri ya Dominika, baada ya kukaa siku kadhaa bila ya vifuniko vya mirija. Wachunguzi waliona yamkini nyigu wajengao kwa udongo waliuziba mmoja. Kipimo cha nahodha kilionekana kibovu ndege ingali ikikimbia uwanjani. Kilipoamka angani kikaaminiwa, ijapokuwa kile cha msaidizi wake kilionyesha mwendo unapungua. Watu 189 wakaangamia baharini.

Dawa si ngumu. Kabla ya safari kifuniko kiondolewe, matundu yatazamwe, hita ijaribiwe. Mshale usipoamka ndege inapoanza kukimbia, safari isimamishwe. Angani, hita iwashwe, njia ya akiba ya hewa tulivu ifunguliwe, na ndege iongozwe kwa nguvu ya injini na mkao wa pua ambavyo rubani anajua huleta mwendo gani. Chini, fundi asiupulize mrija kabla ya kuutenga na kipimo, maana pumzi yaweza kukiharibu kikopo.

Pitot alitumia mrija wake kuihoji imani ya wakubwa wa elimu. Marubani wale walikuwa na sababu ya kuuhoji mrija wenyewe, na muda wa kufanya hivyo ulikuwa mfupi mno.