Mbwa Shenzi Mwenye Karatasi

Leo naweka kando habari za mitihani. Nawaletea historia, ila ya mbwa!

Kwetu Mishamo, kule Mpanda, mbwa wa kienyeji ni mbwa shenzi, basi. Kumbe hilo hilo shenzi ni jina la heshima huko Ulaya na Marekani! Kuna mbwa anaitwa basenji, mwindaji wa misitu ya Kongo. Basenji kwa Kilingala ni wale wale "washenzi" wetu, neno la Kiswahili lililozunguka na misafara ya pwani karne ya 19.

Mwaka 1895 Waingereza walimpeleka kwenye maonyesho ya Crufts wakamwita "Congo Terrier". Terrier ni wale mbwa wadogo wa kufukua wanyama mashimoni, na basenji wala si ukoo wao. Wale wa kwanza walikufa kwa ugonjwa. Bibi mmoja, Olivia Burn, akaleta wengine, na mwaka 1937 wakaonyeshwa Crufts.

Tabia zake sasa. Habweki! Si bubu lakini, ana mlio kama mtu anayeimba kwa koo. Ndiyo maana wawindaji humfunga njuga ya mbao shingoni, wasikie anakoswagia wanyama kuelekea kwenye nyavu. Hujilamba kama paka, jike hupata joto mara moja tu kwa mwaka, na kichwa chake kigumu ile mbaya. Ukimwita anafikiria kwanza. Mwili wenyewe kama kilo 11 tu.

Hapa ndipo patamu. Wazungu walizalisha kutokana na mbwa wachache mno, wakaanza kuugua figo. Wakafanyaje? Mwaka 1987 na 1988 Wamarekani wakarudi Zaire kutafuta mbwa wa vijijini, wasio na cheti chochote. Mwaka 1990 chama chao cha mbwa kikafungua daftari la ukoo, wale wa kijijini wakaandikwa. Yaani mwenye karatasi akaokolewa na asiye na karatasi.

Jamani, sifananishi mtu na mbwa, msininukuu vibaya. Nasema habari ya neno. "Mshenzi" waliitwa watu wa bara kwanza, mbwa akarithi. Na sisi wa Mishamo majina ya kupachikwa tunayajua. Makazi yalianzishwa 1978 kwa Warundi waliokimbia mauaji ya 1972. Wazee wetu wakaitwa wakimbizi miaka na miaka, huku wakilima na kutuzaa hapo hapo, mpaka vyeti vya uraia vilipotolewa 2014. Shamba lile lile, jembe lile lile, mzee yule yule. Kilichobadilika ni karatasi.

Kwa hiyo ukimfukuza mbwa jikoni ukamwita shenzi, jua mwenzio huko nje anasafiria jina hilo.

Nawasilisha.