Jacobus Arminius na Swali la Hiari

Mwaka 1575 askari wa Hispania waliuteka mji wa Oudewater katika Uholanzi, wakawaua watu wake wengi. Miongoni mwa waliouawa walikuwamo mama na ndugu wa kijana mmoja aliyekuwa masomoni Marburg, katika Ujerumani. Kijana huyo, ambaye baba yake alikwisha kufa zamani, aliitwa Jacobus Arminius.

Alisoma Leiden, kisha wafanyabiashara wa Amsterdam wakamlipia masomo ya Geneva, mji aliofundisha Calvin hata kufa kwake mwaka 1564. Mwalimu wake huko alikuwa Theodore Beza, mrithi wa Calvin. Beza alishikilia kwamba Mungu, kabla ya kuumba ulimwengu, alikwisha kuamua nani ataokoka na nani atapotea. Arminius alipokuwa mchungaji Amsterdam, tangu mwaka 1588, aliuchungua sana Waraka kwa Warumi, na fundisho hilo likamtatiza. Ikiwa mtu amehukumiwa kabla ya kuzaliwa, je, Mungu hatakuwa ndiye chanzo cha dhambi? Yeye aliona kwamba neema hutangulia, na bila ya hiyo mwanadamu hawezi jambo jema lolote; walakini mwanadamu aweza kuikataa. Wako wanaosema kwamba alimtukuza mtu kupita Mungu. Huko ni kumsingizia.

Mwaka 1603 alifanywa profesa Leiden, na mwenzake Franciscus Gomarus akampinga kwa ukali. Mabishano yakatoka madarasani yakaingia makanisani na barazani. Arminius alikufa mwaka 1609 neno halijakatika. Mwaka uliofuata wafuasi wake waliandika imani yao katika vifungu 5, wakaomba wavumiliwe.

Msomaji asidhani kwamba hayo yalikuwa maneno ya wanachuoni tu. Johan van Oldenbarnevelt, kiongozi wa jimbo la Holland, aliwalinda wafuasi hao. Maurits, amiri wa majeshi, akawa upande wa pili. Mkutano wa kanisa uliofanyika Dordrecht, 1618 hadi 1619, uliyakataa mafundisho yao, na wachungaji wapatao 200 wakaondolewa kazini. Oldenbarnevelt, mzee wa miaka 71, alihukumiwa kwa uhaini akakatwa kichwa Mei 1619. Mwanasheria Hugo Grotius alipewa kifungo cha maisha katika ngome ya Loevestein. Vitabu vyake vilikuwa vikiletwa na kurudishwa ndani ya sanduku kubwa. Mwaka 1621 mkewe, Maria, akamficha humo, na askari wa ngome wenyewe wakalibeba mpaka nje!

Maurits alikufa mwaka 1625, na polepole waliofukuzwa wakarudi. Fundisho lao lilivuka bahari: huko Uingereza John Wesley, mwasisi wa Wamethodisti, alianzisha mwaka 1778 gazeti lililopewa jina la Arminius. Wamethodisti waliofika Ribe, karibu na Mombasa, mwaka 1862, walitoka katika ukoo huo wa mafundisho.